Mdomo wa Kisogoni

Mafuta ya nyonyo hayana adabu. Yakishaingia kwenye kitambaa, fua usifue, anika usianike, yatanuka tu. Ndivyo yalivyonivamia mwezi uliopita, nikiwa nimepiga magoti kwenye gereji niliyokodi huku Stafford, kando ya Houston, nashonea sanamu yangu kitambaa cha mwisho shingoni. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha mama. Nilikuwa nimemwomba vitambaa vyake vya kichwa vya zamani, akanitumia mfuko mzima, na hakuuliza ni vya nini, maana mama yangu si mtu wa kuuliza. Harufu iliponipanda puani nikaacha sindano, nikakaa kwenye saruji, nikaona aibu kama mtu aliyefumaniwa.

Sanamu yenyewe ni zimwi. Zimwi la kike, refu hadi karibu na dari, mifupa yake ya waya na nyama yake ya vitambaa. Limempakata mtoto mchanga kifuani, na nyuma ya kichwa, pale kisogoni, lina mdomo wa pili wenye meno. Mama mmoja Mzungu mwenye jumba la maonyesho hapa Houston alilipenda, akataka kuliweka. Lakini watu wa sanaa hawawezi kukuacha hivi hivi. Lazima wakuulize kitu chako kimetoka wapi. Nami nikamjibu bila hata kumeza mate: kimetoka kwa bibi yangu mzaa mama, kijijini, kando ya moto, tulipokuwa tukimzunguka wajukuu wote jioni.

Uongo mtupu! Bibi yangu huyo alifariki mama akiwa hajaota hata jino. Mama alilelewa na shangazi yake Nakuru mjini, kwenye nyumba ya kupanga yenye jiko la mafuta ya taa. Hakuna kijiji, hakuna moto, hakuna bibi. Kila hadithi ya zimwi niliyowahi kusikia ilitoka kinywani mwa mama mwenyewe, saa nne asubuhi, Lewisville, Texas, akiwa bado na sare ya kazi yenye madoa ya uji wa wazee. Sasa hebu niambie, hiyo ingependeza ukutani? Mimi niliona haitapendeza. Nikamfuta mama, nikaweka bibi. Wakayachapa maneno yangu vizuri, wakayabandika kando ya zimwi, na mama akanipigia simu kwamba Jumamosi anakuja kuona kazi yangu. Nilimwambia karibu, halafu nikaanza kuomba gari lake ligome kuwaka. Kabla sijasema ilikuwaje hiyo Jumamosi, lazima niseme kwanza nilichomfanyia nikiwa mtoto, maana aibu hizi mbili ni mtu na dada yake.

Tuliishi ghorofa ya pili, kwenye yale majumba ya kupanga ambako kila mlango unanuka chakula cha nchi yake. Baba Mluhya, mama Mkamba, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili, na Kiingereza nilikitumia nikiudhika au nikiogopa. Baba alifanya kazi ghalani mchana. Mama alifanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza kitandani, kuwaosha, kuwabadilisha nepi, kuwashika mkono wanapoita watu waliokufa zamani. Walitupokezana kama kijiti pale mlangoni, mimi na mdogo wangu Wafula aliyekuwa amezaliwa majira yale ya maua. "Wamekula?" "Wamekula." "Haya, kazi njema." Nyinyi mliolelewa hivyo mnaijua nyumba yenye wazazi wawili ambayo kitanda chao kila mara kina mtu mmoja.

Ilikuwa likizo ya kiangazi, lile jua la Texas linalochoma hadi kitasa cha mlango. Mama alirudi asubuhi macho yamemwingia ndani, na ilikuwa lazima alale. Lakini nani atalala na binti mwenye mapengo anayerukaruka kwenye kochi akitaka kuonyeshwa hiki na kile? Akagundua kwamba ili alale yeye, lazima nilale mimi kwanza, na dawa ya kunilaza ilikuwa hadithi.

Sasa, hadithi hazisimuliwi mchana. Hilo kwetu kila mtu analijua hata kama hajui sababu. Mama ndiye aliyeniambia, huku amepanda juu ya kiti, anatundika blanketi zito la maua kwenye dirisha la chumba.

"Shangazi alikuwa anatuambia ukisimulia mchana unaota pembe," akasema. "Kwa hivyo mimi na wewe tutatengeneza usiku wetu." Akashuka, akajipangusa mikono, akajitupa kitandani kati yangu na Wafula. "Haya, saa hii ni usiku. Jua halituoni. Hadithi hadithi?"

"Hadithi njoo!"

Mama yangu mahali pengine popote alikuwa mtu wa maneno machache. Kanisani alikaa kiti cha nyuma, na watu walipobishana yeye alikuwa anakusanya vikombe. Lakini chini ya lile blanketi, jamani! Sauti yake iligeuka kila kiumbe. Alikoroma kama fisi, alilia kama kitoto, alinong'ona mpaka nikashika sikio langu nihakikishe lipo. Miaka mingi baadaye niliwauliza Wakamba wenzake kuhusu hadithi zile na hakuna aliyewahi kuzisikia. Baba ndiye aliyenifichulia siri. "Hizo? Alikuwa anazitunga kwenye gari akirudi kutoka kazini, asishikwe na usingizi barabarani. Nikimpigia simu, namsikia anabishana na fisi."

Iliyonishika zaidi ya zote ilikuwa ya mwanamke wa kitambaa. Mama mmoja alijifungua, mumewe akiwa mbali. Akaja mwanamke amefunga kichwa vizuri sana, akasema, mimi ni ndugu yenu, nimekuja kusaidia. Akafagia, akapika, akampakata mtoto kutwa akimwimbia. Ila alikula amesimama, hakulala usiku wenzake wakilala, na kitambaa hakukivua hata siku moja. Kisogoni, chini ya kitambaa, alikuwa na mdomo wa pili, na mdomo huo ulikuwa unamngojea mtoto anenepe. Aliyemwokoa mtoto ni dada yake, binti mdogo tu. Aligundua kwamba zimwi likifunuliwa faraghani linakumeza papo hapo, lakini likifunuliwa mbele za watu linaishiwa nguvu, linaona haya, linakimbia lisirudi tena. Basi akangoja siku ya wageni.

Mama aliisimulia akiwa amefumba macho, na kabla hajafika kwenye wageni mara nyingi alikuwa amelala yeye. Mimi ndiye niliyebaki macho. Kwa sababu blanketi lile halikuziba dirisha sawasawa. Pembeni lilikuwa limeacha mwanya, na mwanga ulipita hapo ukatandaza mstari mweupe kwenye zulia. Jua lilikuwa linatuona! Mama alikuwa anasimulia mchana na hajui. Nikawa nautazama ule mstari huku yeye anapumua kando yangu, nikifikiria pembe. Halafu nikaanza kufikiria jambo baya zaidi: ikiwa msimulizi wa mchana huota kitu, basi msimulizi wa mazimwi si ataota vitu vya zimwi?

Mtoto akishaamua jambo, ushahidi anaupata. Mama alikula amesimama. Kila asubuhi, sahani juu ya sinki, viatu bado mguuni, maana akikaa tu anasinzia. Mama hakulala usiku. Na kitambaa, mama alikuwa amekifunga tangu majuma machache baada ya Wafula kuzaliwa, na hakukivua tena, hata kitandani. Kabla ya hapo nilikuwa nakaa nyuma yake kwenye kochi nikimpaka mafuta kichwani, mstari kwa mstari, kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Sasa alijifungia bafuni akajipaka mwenyewe. Nilipogonga aliniambia, "Ngoja, Mwende," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeficha kitu. Nilitia jicho kwenye uvungu wa mlango nikaona miguu yake tu, na ile harufu ya nyonyo ikitoka.

Na halafu, bila haya, alikuwa akimbusu Wafula mashavuni, shingoni, tumboni, akisema, "Haka katoto nitakakula! Nitakakula kote, kote!" Wafula alicheka mpaka kwikwi. Mimi nilisimama pembeni nimekunja vidole vya miguu.

Siku moja alikuwa anaongea kwenye simu na Mama Shiru, rafiki yake wa kanisani aliyekuwa anamshawishi ahamie nyumba nyingine ya wazee yenye mshahara bora. Mama akasema, "Aa-aa, wacha nikae hapa hapa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Leo najua alikuwa anasema nini, hata mimi kazini nalisema neno hilo. Lakini siku ile niliketi chini ya meza nikapiga hesabu yangu: mimi mama ananijua, kwa hiyo akinila atabakiza kidogo. Wafula ni mgeni, hamjui bado. Wafula ataisha.

Usinicheke. Au nicheke, mimi mwenyewe ningecheka kama si mwisho wake. Lakini nataka ujue kwamba sikumchukia mama. Nilimpenda vibaya. Nilifikiri kuna mama yangu wa kweli mahali, na kwamba hili zimwi likikimbia yeye atarudi, kichwa wazi, na mimi nitampaka mafuta kama zamani.

Wageni walikuja Jumamosi moja asubuhi. Ilikuwa ni ile desturi ya wanawake kuja kumwona mtoto, na ilikuwa imechelewa sana, kwa sababu wanawake wa kanisa letu karibu wote walikuwa wauguzi na wahudumu, na kuwapata siku moja wasio na zamu ni kama kukusanya kuku mchana. Walikuja na thamosi ya uji wa wimbi, nepi, chupa za mafuta, na Mama Shiru akaleta sufuria ya njahi, yale maharage meusi, alizozitafuta hadi akazipata kwenye duka la Wahindi, maana mama anayenyonyesha bila njahi, alisema, hiyo ni dhuluma. Sebule ikajaa manukato na kelele. Mama hakuwa amelala tangu atoke kazini, lakini alikuwa amevaa dera jipya na kitambaa cha rangi ya ndizi mbivu, amekifunga kwa mtindo wa juu. Alikuwa anacheka. Nakumbuka vizuri kwamba alikuwa anacheka.

"Umependeza, mama Wafula," mmoja wao akasema. "Mtoto hajakuchakaza hata kidogo."

"Ni Mungu tu," mama akasema, akamwinua Wafula juu wamwone mapaja. "Na mmeona hizi nyama? Haka nitakakula leo leo!"

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya kochi. Nikapanda kwenye mgongo wa kochi kwa magoti, nikashika lile fundo kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Kikatoka. Kilikuja chote kwa mkupuo, pamoja na kofia nyembamba iliyokuwa chini yake, nikaanguka nyuma navyo mkononi. Nilipoinuka nikaona kisogo cha mama. Hakikuwa na mdomo. Hakikuwa na kitu. Nywele za mama yangu, zile nilizokuwa nazigawa mistari, zilikuwa zimenyonyoka. Kuanzia shingoni hadi juu ya masikio palikuwa peupe, ngozi tupu inayong'aa mafuta, na mbele zilibaki vishungi vishungi kama shamba lililoliwa na nzige. Kumbe ni uzazi tu, na uchovu, na misuko ya kubana aliyosukwa kabla ya kujifungua. Hutokea kwa wanawake wengi, na zake zilirudi. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa anajua kama zitarudi, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa hajui zaidi.

"Woi!" mtu mmoja akasema.

Mama hakuweza kujifunika. Hilo ndilo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa naendesha gari nafunga dirisha na kupiga kelele peke yangu. Mikono yake yote miwili ilikuwa imemshika Wafula hewani. Hangeweza kumwachia. Akabaki hivyo, mtoto juu, kichwa wazi, mbele ya wanawake ambao alikuwa amewapikia chai bila kulala ili wasijue. Nami, niliye na kitambaa mkononi, sikumpa. Nilisimama nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusomea darasani, "Hana. Hana mdomo. Hana nywele tu."

Mama Shiru ndiye aliyeinuka akampokea mtoto. Mama akashusha mikono, akajigusa kisogo mara moja, taratibu, kama vile hata yeye ndiyo kwanza anaambiwa. Halafu akasema, "Chai inapoa, jamani. Kunyweni chai." Akaingia chumbani na hakutoka.

Wakanywa, unajua tena watu, wakanywa harakaharaka huku wakisifia mandazi. Walipoteremka ngazi nilikuwa nimejibanza mlangoni nikawasikia. "Ni mawazo," mmoja akasema. "Hapana, mimi nilijua kuna kitu, kila siku kitambaa, kitambaa." "Huyo mtoto naye! Ningekuwa mimi, ningemfinya mpaka aseme ukweli." Mama Shiru akawaambia wanyamaze, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kufikia ibada ya kesho yake kila mtu alikuwa na dawa. Maji ya kitunguu, maombi ya kufunga, na mmoja akaleta nywele za bandia kwenye mfuko wa plastiki, mbele ya watu, akidhani anafanya wema.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda, amejifunga taulo kichwani, akaniita.

"Ulikuwa unatafuta nini, Mwende?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kwikwi juu ya kwikwi: mwanya wa dirisha, kula amesimama, mdomo wa kisogoni, Wafula kuisha. Nilifikiri atacheka, kwa sababu sasa hata mimi niliona ni upuuzi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulidhani nitamla mtoto wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukalala na mimi kila siku ukiwaza hivyo."

Akainuka, akapanda juu ya kiti, akafungua blanketi kutoka dirishani. Jua likajaa chumba kizima, nikafumba macho.

"Basi, mama," aliniambia, kwa upole kabisa, ule upole unaouma. "Ni makosa yangu. Hadithi zangu zinakutisha. Sitakuharibu kichwa tena."

Nililia. Nilimwambia hazinitishi, nilimwambia nitaziba ule mwanya kwa mto, nilimwambia asimulie ya sungura tu. Juma zima nilimfuata nyuma nikisema, "Hadithi hadithi?" nikajijibu mwenyewe. Aliniwashia televisheni akalala huku nikiiangalia. Baadaye nilikua, nikaacha kuomba, nikaingia umri wa kuona haya juu ya kila kitu chake: lafudhi yake, zile nywele za bandia alizovaa kanisani mpaka zake ziliporudi, sare yake kwenye mkutano wa wazazi. Tukawa watu wa "umekula?" na "nimekula." Wafula alikua bila kusikia hata hadithi moja. Akiniuliza kwa nini nachora mazimwi, namwambia ni kazi tu.

Na kweli nimeyachora tangu hapo. Shuleni, chuoni, kwenye karatasi za kufungia chakula. Walimu walisema nina kitu changu mwenyewe. Changu! Nilikuwa na mazimwi ya mtu mmoja aliyenyamazishwa na mimi, na sijawahi kumwambia kwamba ndiyo yanayonilisha. Ningeanzaje? Ningesema, mama, ile siku niliyokuvua nguo mbele za watu, nimeitengenezea sanamu, njoo uitazame?

Basi Jumamosi ikafika na gari likawaka. Alikuja peke yake, Lewisville hadi Houston, amevaa suti yake ya kanisani na viatu vya kazini kwa sababu ya miguu, ana chapati kwenye karatasi ya foili kana kwamba nimelazwa. Ukumbi ulikuwa na watu wengi wenye glasi mkononi. Nilimkumbatia, nikataka kumpeleka kwanza kwenye kazi za watu wengine, lakini alikuwa ameshaliona. Haiwezekani kutoliona.

Alilitazama kwa muda mrefu. Akazunguka nyuma, akainua uso, akautazama ule mdomo.

"Meno umeyatengeneza na nini?"

"Vijiko vya plastiki. Nimevikata."

"Mm." Akarudi mbele. Akavitambua vitambaa vyake, niliona vidole vyake vikikigusa kimoja, kisha kingine. "Mtoto umemshika vibaya," akasema. "Huyu bado mchanga, kichwa kinataka kushikiliwa. Hapo atavunjika shingo."

Nikapeleka mkono nikausogeza waya, kiganja cha zimwi kikaingia chini ya kichwa cha mtoto. "Hivyo?"

"Hapo sawa."

Nilidhani yamekwisha. Nilidhani hata pengine nitapata nguvu za kumwambia. Lakini akafungua mkoba, akatoa miwani, akasogelea ukuta. Mama yangu anasoma kila kitu mpaka mwisho, hata karatasi ya dawa. Akasoma. Nikaangalia sakafu. Nikasikia anasoma tena, midomo ikitembea. Bibi yake msanii. Kijijini. Kando ya moto. Wajukuu wote.

"Bibi yako," akasema.

"Mama, mimi..."

"Mama wa msanii!" Yule mwenye jumba alikuwa ametufikia, mikono wazi, na nyuma yake watu watano sita wenye nyuso za kutaka kujua. Alimshika mama mkono kwa mikono miwili na kumwambia kwa Kiingereza kwamba ni heshima kubwa. "Tumesikia mengi sana kuhusu mama yako! Hebu tuambie, alikuwa mtu wa namna gani? Kila mtu hapa anauliza juu yake."

Hapo ndipo ilikuwa nafasi yangu. Sentensi moja tu ilitosha. Hakuna bibi, ni huyu, ni yeye. Nilifungua mdomo. Nikawatazama wale watu, nikatazama maneno yangu yaliyochapwa ukutani kwa jina langu, nikaufunga.

Mama alinitazama. Si kwa hasira, ningejua la kufanya na hasira. Alinitazama kama anavyowatazama wazee wake kazini wakijichafua mbele ya wageni waliokuja kuwatembelea, akiangalia ni wapi pa kuanzia kunishika ili nisione haya zaidi. Akavua miwani, akaikunja.

"Mama yangu," akaanza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "alikuwa na sauti nzito kama ya mwanamume. Ukimsikia gizani unakimbia kwanza, halafu ndipo unakumbuka ni mama yako."

Watu wakacheka, wakasogea. Akawaambia jinsi mama yake alivyokataa kuanza kabla vyombo vyote havijaoshwa. Jinsi alivyomwekea majivu puani mtoto aliyesinzia, na moshi ulivyowaliza wote kabla hata ya kufika penye huzuni. Akamwigiza. Alikoroma, akanong'ona, akanyamaza palepale unapotaka kujua, na mtu mmoja pembeni yangu akashika sikio lake. Mikono yake ilikuwa inaruka. Sikuwa nimeiona mikono ile ikiruka tangu nikiwa na mapengo. Alimpa mama yake jina la utani, akampa jino moja la mbele lililovunjika, akampa mbuzi aliyemfuata kila mahali, na kila kitu alichompa kilikuwa kinazaliwa palepale mbele yetu, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Ilikuwa hadithi yake ya kwanza tangu ile siku. Aliisimulia kwa lugha ya watu, kwa watu asiowajua, juu ya mama ambaye hakuwahi hata kumwona sura, ili mimi nisiumbuke. Alipomaliza wakampigia makofi. Nami nikapiga pamoja nao.